Nani Alipie Fyuzi?

Mjadala huu nimeuweka Kirumba, Mwanza, mahali ambapo umeme ukikatika kutwa moja samaki wa mtu wanaharibika. Wasemaji ni wa kubuni. Mama Barafu anauza barafu na samaki karibu na soko la Mwaloni. Fundi ni kijana aliyejifunza kazi kwa kufuatana na fundi mwingine. Injinia ni mwanamke mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati. Mzee wa Duka anauza paneli na betri mjini. Hoja zao sikuzibuni. Zinasikika popote sola inapofungwa.

Mama anataka sola ya kuendesha friza moja pale TANESCO, shirika la umeme, wanapokata. Ana karatasi mbili za makadirio mkononi, ya Fundi na ya Injinia. Ya Injinia ina bei kubwa zaidi, na tofauti yote imekaa kwenye mistari ambayo Mama haielewi: fyuzi, swichi ya DC, ethi, kizuia radi, waya mnene.

MAMA BARAFU: Mimi sina ugomvi na mtu, nauliza tu. Paneli inaleta umeme, betri inautunza, friza inagandisha. Hivyo naviona. Sasa hizi hela nyingine zinafanya nini? Au ndiyo ada ya chuo ya injinia?

FUNDI: Umeuliza vizuri, mama. Mimi nimefunga sola kuanzia hapa mpaka Ukerewe, na nyingi zinawaka hadi leo. Mteja wangu hana hela ya vikorombwezo. Nikimwandikia swichi ya DC na nondo ya shaba ya kupigilia ardhini, anaikunja karatasi anakwenda kwa fundi mwingine asiyeviandika. Sola inafungwa vilevile, ila na mtu mbovu kuliko mimi. Afadhali nifunge mimi.

INJINIA: Hoja hiyo ina ukweli na sitaidharau. Lakini mama, tuanze na friza yako. Ni ya kawaida. Kompresa ikizunguka inakula kama wati 150. Kwa kuwa inazunguka na kupumzika, kwa siku nzima tuseme uniti moja na nusu hadi mbili, hizihizi unazonunua kwa LUKU. Jua letu, ukilikusanya, linakupa kama saa tano za nguvu kamili kwa siku. Paneli moja ya wati 550 mara saa tano, toa robo inayopotea kwa joto, vumbi, nyaya na inveta, unabaki na uniti mbili. Inatosha kwa kubana. Usiku friza itahitaji kama uniti moja na kidogo. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 100 inabeba hizo. Za risasi, yaani betri ya maji au betri kavu, itabidi uchukue ya ampea-saa 200, kwa sababu ukiinywa chini ya nusu kila siku unaifupishia maisha.

MZEE WA DUKA: Mama alikuja dukani na hela yake, nikampangia kinacholingana nayo. Paneli mbili ndogo na N70 mbili. Tatizo liko wapi?

INJINIA: Shikamoo mzee, na unisamehe. N70 ni betri ya gari. Imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, halafu ijazwe palepale. Ukimpa mama aitumie usiku kucha, miezi michache atakurudishia.

MZEE WA DUKA: Marahaba, binti. Hakuna anayenirudishia. Wanakuja kununua nyingine.

Mzee hakukusudia kuchekesha. Katika biashara hii kosa la mfungaji huonekana baada ya miezi, na likionekana hulaumiwa betri, au jua, au Mchina. Aliyechagua betri isiyofaa huwa ameshafunga nyumba nyingine kumi.

FUNDI: Sawa, betri nimekubali, niandike ya lithiamu. Lakini hiyo fyuzi kubwa unayotaka niweke, Injinia, inveta ina fyuzi zake ndani. Nimefungua nyingi nimeziona.

INJINIA: Fyuzi za ndani zinailinda inveta. Waya unaotoka betri kwenda inveta unalindwa na nani?

FUNDI: Ule waya ni mita moja na nusu tu.

INJINIA: Panya anahitaji sentimita moja. Au wewe mwenyewe unakaza nati, spana inagusa chanya na hasi kwa pamoja. Betri haina LUKU ya kukuambia imeisha; ikipigwa shoti inatoa ampea maelfu kwa mkupuo, spana inaungana na vichwa vya betri na plastiki inaanza kuwaka. Fyuzi inakaa karibu kabisa na kichwa cha chanya ili kipande cha waya kisicholindwa kiwe kifupi iwezekanavyo. Na iwe fyuzi iliyotengenezwa kukata mkondo mkubwa. Ile ya redio ya gari ikipigwa na ampea maelfu inaweza kupasuka, na umeme ukaruka ndani yake uendelee na safari.

MAMA BARAFU: Kwa hiyo, fyuzi hiyo haihusiani na friza?

INJINIA: Haihusiani na friza wala inveta. Inahusiana na nyumba.

MAMA BARAFU: Basi ungeandika hivyo kwenye karatasi. Na pasi je? Nina sare za wanafunzi watatu.

FUNDI: Inveta ni ya wati 1,000, itabeba.

INJINIA: Itabeba, na hapo ndipo shida inapoanza. Wati 1,000 kwenye volti 12, ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta, ni ampea 95 mfululizo. Fundi, nionyeshe unavyounga waya wa betri.

FUNDI: Napinda nyuzi, nabana na plaizi, nakaza nati, nazungushia tepu.

INJINIA: Tuseme muungano wako una ukinzani mdogo sana, sehemu moja ya mia ya omu. Mita yako ya kawaida hata haitauona. Zidisha ampea 95 kwa 95 kwa sehemu hiyo. Unapata wati 90 za joto, zote mahali pasipozidi kifundo cha kidole, chini ya tepu. Mara ya kwanza waya unapata vuguvugu. Joto linalegeza nati, ukinzani unapanda, joto linaongezeka. Kama hakuna aliyeligusa, siku moja tepu inayeyuka. Na fyuzi haitakata, kwa sababu mkondo ni uleule wa siku zote.

FUNDI: Hilo nimeliona. Geita, dukani kwa mtu. Nikadhani inveta ni feki.

INJINIA: Ndiyo maana vichwa vya nyaya hubanwa kwa mashine yake, nati hukazwa kwa kipimo, na baada ya mwezi mtu anarudi kugusa kila kiungo, sola ikiwa imezimwa. Mfumo huohuo ukiwa wa volti 48, pasi hiyohiyo inavuta kama ampea 24. Joto la kiungo linashuka mara kumi na sita. Kwa mzigo mkubwa, kupandisha volti kunasaidia kuliko kunenepesha waya.

MAMA BARAFU: Mimi pasi nimeshaifuta. Nitanyoosha TANESCO wakiwepo.

Kwa kauli hiyo Mama amefanya kazi ambayo wasanifu wengi wa sola hawaifanyi: kupunguza mzigo kabla ya kununua chombo. Fundi naye anahisi mjadala unamwelemea, anaugeuza.

FUNDI: Injinia, niulize na mimi. Ninyi wenye leseni mko wangapi mtakaopanda mtumbwi kwenda kisiwani kufunga taa tatu na chaji ya simu? Wavuvi wengi wa dagaa siku hizi wameacha karabai, wanavulia taa za betri. Betri zile zinajazwa na nani? Na sisi. Mkisema kila asiye na leseni aache, mtawarudisha kwenye mafuta ya taa.

INJINIA: Sijasema waache.

FUNDI: Karatasi yako inasema.

INJINIA: Karatasi yangu ni ya nyumba iliyounganishwa na TANESCO. Ya kisiwani ni nyingine. Wakenya waliliona hilo, kanuni zao za sola za mwaka 2012 ziliwagawa mafundi kwa ngazi, T1, T2, T3, kuanzia vifumo vidogo hadi vikubwa. Anayefunga taa tatu hahitaji kujua anayojua mwenye kufunga hoteli. Anatakiwa kujua polariti, unene wa waya na fyuzi.

Hapa niko upande wa Fundi, hadi kiwango fulani. Volti 12 za paneli moja hazimuui mtu kwa kumgusa. Zinaunguza, hilo ndilo la kukinga, na fyuzi nzuri na kiungo kilichobanwa sawasawa vinakinga sehemu kubwa. Kumtaka kijana wa visiwani awe na diploma kwa kazi hiyo ni kumfukuza kijana na kuiacha kazi. Lakini maduka sasa yamejaa inveta kubwa zinazotaka paneli ziungwe kwa mfululizo. Paneli nane za wati 550, kila moja ikiwa na volti karibu 50 bila mzigo, ni volti 400 za DC juu ya bati. Fundi wa taa tatu akipanda pale na ujuzi wake wa taa tatu, namhofia.

MZEE WA DUKA: Hizo nazo nauza, na breka zake nauza. Zipo za kawaida, za nyumbani, bei poa.

INJINIA: Breka ya AC, mzee, usimpe mtu aiweke kwenye DC. Umeme wa TANESCO unapita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde. Breka ikifunguka, cheche inapata nafasi ya kufa. DC ya paneli haipiti sifurini. Cheche inanyooka, inaendelea kuwaka kati ya vyuma viwili vilivyoachana, na kasha la breka linakuwa jiko. Hata breka za DC zenyewe, baadhi zina upande wa kuingilia na wa kutokea. Ukigeuza, haziui cheche. Na zile plagi za paneli usizichomoe mzigo ukiwa juu, wala usiunge dume la kampuni moja na jike la nyingine kwa sababu tu vimeingiliana. Kinachoingia si lazima kiwe kimegusana vizuri.

FUNDI: Na paneli huwezi kuizima.

INJINIA: Huwezi. Jua likiwapo, zile nyaya zina umeme hata ukikata kila swichi ndani. Anayefanya kazi juu ya paa afunike paneli, au afanye asubuhi na mapema. Siku ya moto, mama, ukipiga 114 waambie Zimamoto kabla ya lolote kwamba kuna sola na betri.

Paneli zenyewe tuzipitie haraka. Mwanza iko kusini mwa ikweta kidogo, hivyo zielekee kaskazini, zilale kwa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua izioshe; kulala kabisa hukusanya vumbi na kinyesi cha ndege. Paneli ya wati 550 ina zaidi ya mita mraba mbili na nusu, na upepo wa ziwa ukiingia chini yake inakuwa tanga. Parafujo ziende kwenye mbao za paa. Zikiishia kwenye bati peke yake, tanga litaondoka na bati.

MAMA BARAFU: Sasa mnieleze hili la kuunga na nyumba. Fundi aliniambia ana njia rahisi.

FUNDI: Waya wenye plagi dume pande zote mbili. Mwisho mmoja kwenye inveta, mwingine kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima inawaka. Unazima tu swichi kuu kwanza.

INJINIA: Na siku atakayesahau kuzima?

FUNDI: Nitambandikia karatasi.

INJINIA: Fundi, umeme ule unatoka nje kwa waya uleule wa TANESCO, unafika kwenye transfoma. Transfoma haichagui upande. Volti 230 ukizipeleka kinyume zinatoka juu volti 11,000 au 33,000. Kijana wa TANESCO amepanda nguzo akijua laini imekatwa. Inveta ndogo huenda ikazidiwa na mzigo wa jirani ikajizima. "Huenda" si jibu la kumpa mke wa mtu. Na umeme ukirudi ghafla, unaikuta inveta yako imekaa upande wa pili, inaungua. Halafu ile plagi dume ikichomoka ukutani, meno yake yana umeme, na una wajukuu hapa. Weka chenjiova. Mkono wake ukiwa TANESCO hauwezi kuwa sola.

FUNDI: Chenjiova naikubali. Hiyo plagi nilifundishwa, sikuibuni.

MAMA BARAFU: Na ethi? Hapa kwetu mawe matupu. Na radi za huku, kwa kweli, nyingine ni za kutumwa.

MZEE WA DUKA: Halafu wapo wanaosema ukizika shaba ardhini ndiyo unaiita.

INJINIA: Nondo ya ethi haiiti radi. Radi inayopiga karibu inaamsha volti kubwa kwenye kila waya mrefu, na waya wa kutoka paani ni mrefu. Hata kama imetumwa, mama, itapita kwenye waya. Tunachoweza ni kuipa njia fupi ya kushuka isipitie ndani ya inveta. Fremu za paneli zote ziungwe pamoja, zishuke kwa waya mmoja mnene, ulionyooka. Kizuia radi kiwe upande wa paneli na upande wa nyumba. Ikipiga moja kwa moja juu ya paa, hapo sikuahidi kitu.

FUNDI: Unapigilia wapi, Injinia? Juzi nimepinda nondo mbili kwenye itale, ya tatu nikaikata nusu nikaizika.

INJINIA: Ulipoikata ulijidanganya wewe na mteja. Mahali pa mawe hatupigilii kwenda chini, tunachimba mtaro mrefu kwenda pembeni, pale palipo na udongo, tunalaza waya wa shaba mtupu, tunafukia kwa udongo uliotulia, usio changarawe, ikiwezekana panapopita maji ya kuogea ili pawe na unyevu. Kisha tunapima. Na ethi ya sola iungwe na ethi ya nyumba. Mbili zisizojuana ni hatari kuliko moja, kwa sababu radi ikipiga zinapishana volti, na anayezishika zote mbili ni wewe.

Mtu anayesoma vitabu vya ufungaji vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za udongo tifutifu hatapata aya hiyo. Mwanza inajengwa juu ya mawe na kando ya ziwa lenye ngurumo nyingi, na hayo mawili hayaelewani.

MAMA BARAFU: Betri nitaiweka chini ya kitanda. Nje wezi.

INJINIA: Kama ni ya maji, hapana kabisa. Ikijazwa inatoa haidrojeni, na hewa ikifikisha asilimia 4 ya gesi hiyo, cheche ya swichi inatosha kuiwasha. Ya lithiamu ya aina hii ya fosfati ya chuma ni tulivu kuliko zile za simu, lakini ikiharibika inatoa moshi wa sumu, na mtu aliyelala ndiye wa mwisho kuusikia. Isikae chumba cha kulala wala mlangoni pa kutokea. Stoo ya nyuma, kasha la chuma lenye matundu juu na chini, mnyororo, kufuli. Na isiwe juu darini chini ya bati. Kwa betri za risasi kanuni ya kazi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 zinakata maisha yake nusu.

FUNDI: Vijana wanaunga betri za lithiamu kutoka kwenye laptopu zilizokufa. Bei nusu.

INJINIA: Wasimuungie mama. Seli moja mbovu kati ya mia, bila kidhibiti cha kuipima, inazivuta nyingine zote. Na kontrola inayoongoza chaji ya paneli, kama ilikuwa ya betri ya risasi, ibadilishwe mpangilio. Kuna hali ya kuchemsha betri ya maji ambayo lithiamu haiitaki.

MZEE WA DUKA: Za risasi za zamani mniletee mimi. Nanunua kwa kilo.

INJINIA: Na mzee unazipeleka wapi?

MZEE WA DUKA: Kuna watu wanapita na gari.

INJINIA: Zaidi ya nusu ya uzito wa betri hiyo ni risasi. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilikuwa kinayeyusha betri kuukuu katikati ya makazi, watoto wakapatikana na risasi kwenye damu. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, alipigana kwa miaka. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, rufaa ikaitengua, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Sisemi watu wako ndio hao. Nasema waulize wanamwaga wapi tindikali.

MZEE WA DUKA: Nitawauliza. Lakini injinia, mimi fyuzi za kweli nimeleta mara mbili, zikakaa zikaota vumbi. Wanachukua za bei chee. Mimi nifanyeje, nizile?

INJINIA: Usiuze betri bila fyuzi yake. Iwe bei moja, kitu kimoja. Asiyeitaka aende kwingine.

MZEE WA DUKA: Ataenda kwingine kweli.

Nadhani Mzee amesema jambo zito kuliko wote, na Injinia hakuwa na jibu lake. Duka moja likijipandishia bei kwa wema, linamlisha jirani asiye na wema. Sheria ya viwango ipo, TBS, shirika la viwango, lipo, lakini kwenye kaunta kuna watu wawili tu na mmoja wao hana hela ya kutosha. Ningependa kuona mkopeshaji anayetoa hela ya sola, awe saccos au benki, akikataa kulipia makadirio yasiyo na mstari wa fyuzi na chenjiova. Yeye ana nguvu ambayo Mzee hana.

MAMA BARAFU: Basi sikilizeni. Paneli moja, betri moja ya lithiamu na fyuzi yake, chenjiova, ethi ya mtaro. Mtaro nitawachimbisha wanangu, hiyo hela ifuteni. Pasi hakuna. Fundi afunge, Injinia akague.

INJINIA: Nakubali. Ila aache mchoro ukutani: nyaya zinapita wapi, fyuzi ya ampea ngapi, kipi kizimwe kwanza.

FUNDI: Na sahihi ya karatasi?

INJINIA: Yangu, mpaka upate leseni yako. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana mpango wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini, kama wewe. Wanakupima unachojua, hawakuanzishi upya.

FUNDI: Wakinipima mtaro wa kwenye mawe nitafaulu. Lakini jina langu liandikwe pale ukutani, na namba yangu. Usiku ile betri ikianza kulia, atanipigia mimi.

MAMA BARAFU: Nitawapigia wote wawili. Na Mzee.